Tandiko Lililovaa Soksi

Asubuhi na mapema, farasi wakiwa bado wanatafuna majani bandani, mama mmoja wa makamo amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana yake, analivisha tandiko soksi. Ndiyo, soksi! Ndefu, za mpira wa miguu, zilizokatwa vidole. Anazipitisha kwenye mikanda inayoshikilia vikuku, zile pete za chuma za kutilia miguu, kisha anafunika ngozi yote kwa kipande cha shuka kuukuu.

"Mkanda ukisugua ngozi, alama haitoki," anasema. "Mteja anajaribu, hapendi, ananirudishia. Nani atanunua tandiko lenye kovu kwa bei ya jipya?"

Mtaani wanamwita Mama Soksi. Jirani yake muuza mkaa hakosi la kusema: "Na kofia je, Mama Soksi? Farasi asije akapata mafua!" Yeye humjibu aanze kufunika mdomo wake mwenyewe.

Lakini kwa tandiko hili utani unamwishia. Ngozi yake ilikatwa na marehemu baba yake, fundi aliyemfundisha kushika sindano. Mzee alikata, akachora njia ya mishono kwa ukucha wa dole gumba, kisha akaugua. Binti ndiye aliyeshona. Hakuna jingine lililobaki lenye mkono wa baba.

"Alikuwa akisema, 'Nataka nilione likikimbia.' Hakujaliwa. Nikisikia kwato barabarani, moyo unaniruka. Nimemkumbuka baba yangu, jamani, we acha tu."

Limeshakwenda kujaribiwa na wengi, na kila mara limerudi bila hata mkwaruzo. Wateja wanalisifu, ila wanalalamika kwamba linateleza. Mama Soksi alikuwa akisema hawajui kupanda.

Leo anayejaribu ni kijana anayefundisha watu kupanda farasi. Anazunguka uwanja, anarudi, anashuka huku akikuna kichwa.

"Mama, usinikasirikie. Hapa nimepanda soksi na shuka. Tandiko lenyewe sijaligusa."

"Na likichubuka?"

"Likichubuka limechubuka, Mama. Nitanunuaje nisichokijua?"

Mama Soksi anapapasa shuka, anavuta pumzi. Hataki liharibike. Hataki pia lizeekee rafuni. Mwisho anaondoa shuka, analivua tandiko soksi zote, anazikunja kiganjani.

"Haya, nenda. Nenda kabla sijaghairi."

Farasi anaanza polepole, kisha anakolea mbio. Ngozi ya kahawia inang'aa juani. Mama Soksi ameshika uzio, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Linakimbia, Baba!" anaita. "Linakimbia!"

Kijana anaporudi, mkanda umeshaacha mstari mwembamba ubavuni mwa tandiko. Wote wawili wanautazama.

"Kovu hilo ni langu," anasema kijana. "Nalichukua, Mama."

Karakana inabaki na rafu tupu na ngozi nzima iliyoviringishwa kwenye kona. Tangu aanze kazi hii, Mama Soksi ameshona tu kile alichokata baba. Sasa anataka kukata tandiko lake mwenyewe. Litakwenda kujaribiwa likiwa na soksi zake, anasema, lakini mzunguko wa pili litakwenda wazi.

Na njia ya mishono ataichora nani?

Anainua dole gumba. Ukucha wake ni mrefu kuliko kucha nyingine zote.

"Nimeufuga tangu afariki," anasema. "Nilikuwa naogopa kuutumia. Kesho naanza."