Nafasi za Marehemu

Shangazi yangu ni mzee wa kanisa, na kanisa lenyewe limezeeka kumzidi. Kila Jumamosi anapiga deki na kufuta mabenchi yote, hata yasiyokaliwa, kisha anarudi nyumbani magoti yamevimba. Nikimwambia apumzike, anang'aka, "Nikipumzika mimi, nani atafungua mlango?"

Makao makuu yalishasema: mwaka ukiisha bila sura mpya, kanisa linafungwa, waumini wahamie la ng'ambo ya mji. Ng'ambo ya mji! Watu ambao kupanda ngazi za mlangoni tu ni shughuli pevu.

Ndipo Shangazi akamwandama fundi cherehani, binti mwenye mtoto mchanga aliyefungua kibanda mtaani kwetu. Alimbembeleza mpaka akawa anampelekea hata nguo zisizochanika azishone. Binti akakubali kuja.

Jumapili akaja mapema, akakaa. Katibu wa kanisa, babu mkali kama pilipili, akamgusa bega. "Hapo ni pa marehemu mwalimu wa kwaya." Maana kwao, mtu akifa nafasi yake haikaliwi, ndiyo heshima yake. Binti akahama. "Hapo napo ni pa marehemu mke wangu." Akahama tena, akaja kuketi benchi la mbele, ubavuni mwa Shangazi. Na Shangazi, huyuhuyu aliyemwita, mdomo ukamponyoka: "Mwanangu, hapo ni pa mume wangu."

Binti akasimama, akamweka mwanawe vizuri mgongoni, akatoka.

Lo! Nilikuwa benchi la nyuma yao, nikaona aibu hadi masikio yakawaka. Kanisa tupu, mgeni kakosa pa kukaa!

Siku hiyo Shangazi hakugusa chakula. Kesho yake akajikongoja hadi kibandani kuomba radhi. Binti hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alisema tu, "Usijali, Mama. Niliona mmejaa."

Jumapili iliyofuata Shangazi akasimama mbele ya wote. "Leo tunakaa huku mbele, pamoja."

"Nikakae kwa marehemu?" Katibu akafoka.

"Kakae. Yeye keshapata makao."

Wakaja kwa manung'uniko na mikongojo. Shangazi akakaa pale pa mumewe, machozi yanamtoka bila kuyaficha, akaacha nafasi pembeni kwa ajili ya binti. Tukaimba wimbo wa kwanza, tukaimba wa pili. Binti hakuja.

Wala hakuna aliyeuliza. Wote walikuwa wanatazamana. Walizoea kutawanyika, huyu huku, yule kule, kanisa zima likaonekana lina watu. Sasa walipobanana, walikuwa benchi moja na nusu.

Shangazi akageuka, akatazama mabenchi matupu nyuma yetu, yanang'aa kwa kufutwa. Akaniinamia.

"Kumbe miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nawahesabu na marehemu."