Vidonge vya Chaki

Nakumbuka siku moja Shangazi Skolastika aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni kwake, Ruhuwiko, akikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia. Akaniambia, "Wewe mwanangu umesoma. Kama vidonge hivi ni chaki tu, mbona nikimeza vidole vinafunguka?"

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, niko mwaka wa pili chuo kikuu, na sikuwa nimezoea kushindwa na swali. Kuuliza ndiyo ilikuwa kazi yangu. Padri alipohubiri, niliuliza. Mwenyekiti alipohutubia, niliuliza. Baba alizoea kusema kwamba siku ya kiyama nitamwomba Mungu aonyeshe kitambulisho. Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu naona nawe una ulimi mwepesi kama niliokuwa nao mimi, na sitaki uupoteze. Nataka tu ujue ulinigharimu nini.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba, mwalimu wa darasa la kwanza. Kwa miaka mingi alikuwa na rovu, uvimbe wa shingo ambao kwetu Songea haukuwa kitu cha ajabu. Karibu kila ukoo ulikuwa na mtu mmoja mwenye shingo ya namna hiyo. Rovu lake lilikua mpaka likaanza kumbana pumzi akilala chali. Wanafunzi walimwita Mwalimu Shingo, wakidhani hajui. Hatimaye alikubali kwenda kupasuliwa, akarudi na kovu jembamba kama uzi na blauzi iliyo wazi kolani, vazi ambalo hakuwahi kulivaa tangu ujana wake. Alisema sasa watoto wale itabidi wamtafutie jina jingine, na wasipolipata atawapa zoezi la nyumbani.

Chuo kilikuwa likizo, hivyo Baba alinituma nikakae naye. Nimpikie, nimfulie, nihakikishe anameza dawa. Sikutumwa jambo jingine.

Shangazi alinieleza alivyoelezwa na daktari. Nyuma ya tezi kubwa ya shingo, ile iliyokuwa imevimba ikawa rovu, kuna tezi nyingine nne, ndogo kama punje za mchele, ambazo kazi yake ni kulinda kiasi cha kalsiamu kwenye damu. Wakati wa kupasua zinaweza kujeruhiwa, na zikijeruhiwa kalsiamu hushuka. Ndiyo maana alipewa vidonge vikubwa vyeupe, mara tatu kwa siku, na akaonywa asiache hata siku moja mpaka arudi apimwe damu. Akisikia ganzi midomoni, aende hospitali upesi.

Nilicheka. Nilikuwa nimesoma biolojia mpaka kidato cha sita na sikuwahi kuzisikia tezi hizo. Nikamuuliza, punje nne za mchele ndizo zinamtawala mwalimu mzima? Naye akacheka, akasema mbona punje moja ya mchanga jichoni humtawala askari.

Nikaichukua chupa, nikasoma karatasi yake. Kalsiamu kaboneti. Hilo nililijua, mwanangu, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu mtu hapotei njia asiyoijua kabisa. Hupotea ile anayodhani anaijua. Shuleni tulifundishwa kwamba hicho ndicho kilichomo kwenye chokaa na chaki. Nikamwambia Shangazi kwamba amepewa chaki.

"Miaka ishirini na tano nimelivuta vumbi lake bure," akasema. "Kumbe nilikuwa najitibu."

Lakini niliendelea. Unapaswa kuelewa miaka ile ilivyokuwa. Ilikuwa miaka ya ruksa. Baada ya uhaba mrefu wa sabuni na sukari, bidhaa zilirudi madukani kwa mkupuo, nzuri na mbovu pamoja. Maduka ya dawa yalifunguliwa kila mtaa, na wengine waliouza hawakuwahi kushika hata bomba la sindano. Bwenini kwetu Dar es Salaam msichana mmoja alimeza vidonge vya malaria ambavyo tulipovisaga vilikuwa kama unga wa muhogo. Kwa hiyo sikutilia shaka bila sababu. Nilitilia shaka kwa sababu, halafu nikaiacha sababu iamue badala ya ushahidi.

Nikamwambia tufanye jaribio. Aache vidonge siku tatu, tuone. Alisita kidogo. Kisha akaniangalia kama alivyozoea kuniangalia tangu nilipofaulu kwenda chuo, akasema sawa, wewe ndiye mwenye kitabu.

Siku ya kwanza hakuna kilichotokea. Siku ya pili, asubuhi, alisema midomo inamwasha kama sisimizi wanapita juu yake. Nilimwambia ni wasiwasi, kwamba ukimwonya mtu atasikia ganzi, ataisikia. Nilisema hivyo kwa sauti ya upole kabisa, na upole huo ndio unaoniumiza zaidi ninapoukumbuka.

Mchana tulikula ugali na maharage. Alikata tonge, na mkono ukakataa kuliachia. Kidole gumba kiliingia kiganjani, vile vingine vikanyooka na kubanana pamoja, vikavu kama vijiti. Alijaribu kuvifungua kwa mkono wa kushoto, vikagoma. Alifanya mzaha, akasema mkono huu umekuwa mchoyo hata kwa mdomo wa mwenyewe. Lakini paji la uso lilikuwa na jasho.

Nilipotoka kwenda kuanua nguo, alimeza vidonge viwili kwa siri. Hakunificha kwa muda mrefu. Saa moja baadaye aliniita jikoni, akanionyesha vidole vinavyofunguka, akaniuliza swali lile.

Ningesema tu kwamba sijui, mwanangu. "Sijui, Shangazi" ni maneno mawili. Badala yake nilimwambia ni nguvu ya imani, kwamba mwili humtii mtu anapoamini amepata dawa. Nilikuwa nimesoma kuhusu hilo mahali fulani. Na ili jaribio lisiharibike tena, nilichukua chupa nikaifungia kwenye sanduku langu.

Hakubisha. Akaniambia, "Haya. Wewe huwezi kunitakia mabaya."

Siku ya tatu nilikwenda sokoni mjini kununua dagaa. Niliporudi, uwanja ulikuwa umejaa majirani. Walisimama duara kubwa, na katikati, mlangoni mwa jiko, Shangazi alikuwa chini, mwili umekakamaa na kutetemeka, mkono mmoja umeangukia kwenye majivu ya moto. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Waliona povu mdomoni, wakasema ni kifafa, na kwetu wengi waliamini kifafa huambukiza kwa mate.

Mama mmoja alinishika kitenge. "Usimsogelee, dada. Subiri kimwachie kwanza."

Nilikuwa nimebishana na watu mara nyingi juu ya imani hiyo. Nilikuwa nimeiita ujinga, mbele ya wazee. Lakini siku ile, mwanangu, nami nilisimama. Sijui ni kwa muda gani. Ulitosha Baba kufika akitoka shambani alikofuatwa, kulitupa jembe, kulipasua lile duara na kumwinua dada yake kifuani.

Tulipata gari la mfanyabiashara wa mahindi. Nyuma ya gari, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, pumzi yake ilianza kulia kama filimbi, kila pumzi nyembamba kuliko iliyotangulia, kwa sababu koo nalo lilikuwa linabana kama vile vidole. Alikuwa ananitazama. Kabla hatujafika hospitali filimbi ilikoma.

Daktari aliyetupokea aliona kovu la shingoni akaelewa mara moja. Aliuliza vidonge vyake viliisha lini. Baba alinigeukia mimi niliyetumwa kuviangalia.

Nikasema, "Sijui."

Neno lililonishinda jikoni lilitoka bila kujikwaa.

Msibani watu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walimaanisha la Shangazi. Nilikuwa nimekaa mkekani kati yao, nikijua sikio lililokataa kusikia lilikuwa la nani. Watoto wa darasa la kwanza waliletwa kwa mstari, wakaimba, na mmoja aliuliza kwa sauti kama Mwalimu Shingo amelala.

Siri hiyo niliishi nayo mpaka arobaini ilipokwisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeanza kukonda. Nilimkuta Baba akipukuchua mahindi, nikaiweka chupa mbele yake na kumwambia yote. Aliendelea kupukuchua hindi alilolishika mpaka likaisha. Nilitamani anipige.

"Kuuliza sikukukataza," alisema mwishowe. "Lakini dada yangu alikuuliza swali moja tu, kwa mkono wake mwenyewe. Ukalifungia sandukuni."

Hakulitaja tena mpaka anaingia kaburini. Wala hakuacha kuniita mwanangu.

Basi nasaha yangu ni hii. Tilia shaka, maana kuuliza si ujinga, na dunia imejaa wauza unga wa muhogo. Lakini ukimtilia shaka daktari, mrudie daktari na shaka yako. Usiifanyie jaribio kwenye mwili wa mtu anayekupenda. Mgonjwa akikuambia anachosikia mwilini, mwamini kabla hujamwelewa. Jambo kutokuwepo kwenye kitabu chako si ushahidi kwamba halipo. Aliyepasuliwa shingo asiache dawa kwa ushauri wa ndugu, hata ndugu huyo awe na shahada ngapi. Na ukimwona mtu ameanguka kwa degedege, mwondoe penye moto, mlaze ubavu, mtafutie msaada. Mate yake hayatakudhuru. Zaidi ya yote, jifunze kusema sijui mapema, kabla neno hilo halijageuka uongo.

Mungu akujalie akili kali na moyo unaosikia, mwanangu. Akupe wazee wa kukukemea na umri wa kuwashukuru. Usije ukabeba nilichobeba.

Limebaki jambo moja, ambalo nililijua nikiwa tayari nina mvi. Nilimsindikiza hospitali jirani yangu aliyekuwa na mawe ya figo na mifupa inayouma. Kumbe moja ya zile tezi nne ilikuwa imevimba, inafanya kazi kupita kiasi na kuinyonya mifupa yake kalsiamu. Walimtoa hiyo moja akapona. Nikampata daktari wake barazani, nikamuuliza kuhusu wale ambao tezi hizo hujeruhiwa wakati wa kuondoa rovu. Akaniambia kwamba mara nyingi hazifi. Hupata mshtuko tu, zikanyamaza wiki kadhaa au miezi michache, kisha huamka zenyewe, na vidonge vile ni vya kumvusha mgonjwa mpaka hapo.