Onyiego na Aliye Juu

Mdogo wangu Onyiego aliugua homa ya uti wa mgongo kabla hajatimiza mwaka mmoja, na alipopona hakusikia tena. Mama aligundua siku sufuria ilipoanguka nyuma yake na yeye akaendelea kuchezea kijiti. Nilikuwa na miaka minne. Ninachokumbuka ni mama akiiokota ile sufuria na kuidondosha tena, na tena, na tena.

Kwetu ni Manga, milimani karibu na Kisii, upande ambao mashamba yameinama sana, ukiweka kapu la majani chai vibaya linabiringika hadi kwa jirani. Hatukumpeleka shule. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna shule za watoto kama yeye, na mama aliogopa watamcheka. Akakulia kati yetu na ishara kama kumi na tano tulizojitungia wenyewe: kula, njoo, ng'ombe, chuma, lala, kiboko. Baba alikuwa kugusa kidevu, kwa sababu ya ndevu zake. Mimi nilikuwa kuvuta sikio. Mungu hakuwa na ishara, na katika nyumba ile iliyosali asubuhi na jioni, hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimekosekana.

Hakuwa mtoto wa kutulia. Alifungua redio ya baba kuona kilichomo. Alipasua yai lililokuwa limebakiza siku moja lianguliwe. Kila Sabato tulipokwenda kanisani alikaa akigeuza shingo huku na huku, maana aliona watu wazima wanafumba macho, wanainua nyuso na kuchezesha midomo, na mbele yao hakuna mtu. Alinivuta gauni, akanyoosha kidole kwenye midomo yao, kisha akafungua kiganja: nani? Nikaweka kidole kwenye midomo yangu kumnyamazisha, yeye ambaye hakuwa ametoa sauti yoyote.

Alipokuwa na miaka tisa aliamua kwenda kuona mwenyewe. Kanisa letu lilikuwa na dari ya mbao laini, na nyuma kabisa, kipande kimoja kilikuwa kimeanguka na kuacha tundu. Wakati wa maombi marefu alipanda juu ya madawati yaliyorundikwa chini ya tundu lile, akashika boriti, akaingiza kichwa na mabega. Vumbi liliwamwagikia wanakwaya. Mzee wa kanisa, Nyamongo, aliyekuwa akiomba, alifumbua macho akaona miguu miwili inaning'inia. Alimshusha, akampeleka nje, akamchapa viboko vinne. Onyiego hakulia. Alikuwa bado anatazama mabati. Mimi nilijua alichokuwa anatafuta na niliona haya kusema.

Miaka miwili baadaye baba alifariki kwa ugonjwa wa presha. Tulimzika kando ya nyumba, kama desturi yetu ilivyo. Mchungaji alihubiri akiwa amesimama ukingoni mwa kaburi, na kila mara alinyoosha mkono kuelekea mbinguni. Onyiego alitazama ule mkono, akatazama sanduku linavyoteremshwa, akatazama tena mkono. Siku ya tatu tulienda kuchuma majani, na tuliporudi saa sita tulimkuta amelichimbua kaburi la baba, ameingia shimoni hadi kiunoni, jembe mikononi, udongo umetapakaa mpaka mlangoni.

Mama alikata tawi akampiga hadi likavunjika. Kisha akakaa chini palepale kwenye udongo. Onyiego akanigeukia. Akagusa kidevu. Akaonyesha chini, akaonyesha juu, akafungua kiganja. Nilielewa swali lake vizuri kabisa. Sikuwa na mkono wa kulijibu.

Tangu siku ile akawa mtu wa njia. Angeweza kuondoka asubuhi, akatembea hadi Ekerenyo, akazunguka sokoni na kurudi bila kununua wala kuuza chochote. Kazi alizianza na kuziacha. Alipofika miaka kumi na tisa mjomba Ongeri alimtafutia nafasi kwa fundi wa makochi mjini Kisii, akawa anakaa nami katika chumba nilichopanga, kwa kuwa nami nilikuwa nimepata kazi katika duka la simu. Hata pale hakulala vizuri. Niliamka mara nyingi nikamkuta amekaa, anatazama ukuta kama anayesubiri ufunguke.

Siku moja fundi wake alinipigia kuniambia hajamwona kazini siku tatu. Nilimtafuta mtaa kwa mtaa nikamkuta amesimama nje ya kibanda cha mshona nguo nyuma ya soko. Ndani, mwanamke alikuwa akizungumza na wateja wawili kwa mikono. Mikono ile ilikwenda haraka, ikacheka, ikabishana. Onyiego alikuwa ameshika mlango kwa nguvu.

Mwanamke huyo alikuwa Millicent Obura, mtu wa Homa Bay. Yeye anasikia, lakini baba na mama yake wote ni viziwi, na alizungumza kwa mikono kabla hajazungumza kwa mdomo.

"Huyu ni wako?" akaniuliza.

"Ni mdogo wangu."

"Jina lake analijua?"

"Anaitwa Onyiego."

"Hilo ndilo unalomwita wewe. Nimeuliza kama yeye analijua."

Millicent akavuta kigoda. "Muache hapa. Na wewe ukifunga duka, njoo. Hutamwachia mtu mwingine kazi ya kuzungumza naye."

Ndivyo tulivyoanza. Kitambaa, mkasi, uzi, sindano. Mwanzoni alidhani ni mchezo wa kuigana. Kisha, kama wiki ya tano hivi, Millicent alimpa ishara ya maji kikombe kikiwa kitupu, na akamwona Onyiego anatazama kikombe, anatazama mkono, anatoka mbio kwenda bombani. Alirudi amelowa mikono yote miwili. Kuanzia hapo hatukupumzika. Alitaka jina la kila kitu: msumari, mvua, wivu, jana. Jana ilichukua miezi. Aliniamsha alfajiri kuniuliza mambo ambayo mimi mwenyewe sikuwa na ishara zake, nikalazimika kwenda kumuuliza Millicent.

Ulipokaribia kuisha mwaka wa pili, Jumapili moja mchana, Millicent alikuwa ametoka misa na tulikuwa tukinywa chai kibandani. Onyiego akaweka kikombe chini.

"Watu wanafumba macho," akasema kwa mikono yake. "Wanazungumza na aliye juu. Ni nani? Nilipanda nikatazama. Vumbi tu na popo. Nilichimba. Udongo. Ni nani?"

Millicent akaweka chake kando. "Wewe uliwaza ni nani?"

"Mtu mkubwa. Mwenye mvua. Mwenye kuchukua watu. Niliona kazi yake, yeye sikumwona."

"Ulisimama mlangoni kwangu siku tatu," Millicent akasema. "Uliona nini?"

"Unashona."

"Ulijua nashona. Ulijua sina haraka, ulijua nacheka sana. Jina langu ulilijua?"

"Hapana."

"Na kama ungesimama miaka kumi?"

Akafikiri. "Nisingelijua. Mpaka uniambie."

"Basi hata sisi tunaosikia hatukumpata kwa kupanda wala kwa kuchimba. Tungeona mvua, tungeona milima, tungejua kuna mwenye kazi. Lakini yeye alitaka tumjue. Akajisema mwenyewe. Kwanza kwa watu aliowachagua, nao wakaandika. Kisha akaja, akawa mtu, akaonekana, akashikwa." Akamwonyesha jina: kidole cha kati cha mkono mmoja kikagusa kiganja cha mwingine, kisha upande wa pili hivyohivyo. "Huyu ni Yesu. Hapa palipigwa misumari."

Onyiego, fundi wa makochi, alitazama viganja vyake mwenyewe. Misumari aliijua. Akairudia ishara ile polepole, akabonyeza kidole hadi ngozi ikawa nyeupe. Nilitegemea atafurahi. Badala yake akanigeukia mimi.

"Wewe ulijua?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni."

"Mama anajua? Wale wa kanisani, wote wanajua?"

"Wote."

"Aliwaambia ninyi, na ninyi hamkuniambia."

Nikaanza kueleza kwamba hatukuwa na lugha. Alinitazama mikono hadi nikachoka, akasimama, akatoka. Usiku ule hakurudi chumbani, na asubuhi makochi yalimkosa. Nilijua pa kwenda. Nikachukua boda boda kupanda Manga.

Nilimkuta amekaa kando ya kaburi la baba, na mama amesimama mbali, ameshika shuka lake kifuani.

"Ananiuliza kitu tangu asubuhi," mama akasema. "Ruth, mwanangu, ananiuliza nini?"

"Anauliza baba yuko wapi. Chini au juu."

Mama akaja akakaa karibu naye. Alizungumza, nami mikono yangu ikamfuata. Akasema baba amelala, hapahapa chini, hajui lolote, hana maumivu. Akasema watu wanaonyesha juu kwa sababu Yesu atakuja kutoka kule, naye atamwamsha. Onyiego alisoma kila neno. Kumbe tangu akiwa na miaka kumi na mmoja alikuwa na vipande vyote viwili, chini na juu, akakosa tu wa kumuunganishia.

"Atakuja lini?" akauliza.

"Hatujui," mama akasema.

"Hakuwaambia?"

"Hilo hakutuambia."

Nikahofu atakasirika upya. "Yapo mengine ambayo hakusema?"

"Yapo mengi, mwanangu."

Alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali. Kisha akamwekea mama kichwa begani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu lile tawi livunjike. Mama alisema, "Mwambie anisamehe," nikamwambia. Alikaa tu hivyo hadi jua likawa kali.

Miezi michache baadaye aliomba kubatizwa, na hapo ikawa shughuli. Nyamongo alikuwa bado mzee wa kanisa, sasa ana mvi. Si mtu mbaya. Anaogopa sana kukosea. Alituita ofisini, akafungua Biblia yake iliyoshonwa kwa uzi. "Ruth, mtume Paulo alifundisha kwamba imani inakuja kwa kusikia. Huyu ndugu yako hakusikia. Nitajuaje kwamba hafuati tu yale unayomwambia wewe?"

Niliyatafsiri yote, hata yale ambayo ningependa kuyaficha. Onyiego akaniambia niseme hivi, na nisiongeze: "Mwulize yeye alimsikia Mungu kwa sikio lipi."

Nyamongo alikunja uso. "Mimi? Mama yangu alinisomea. Kwa lugha yetu ya Ekegusii, jikoni."

"Ulimsikia mama yako, basi," Onyiego akasema. "Mimi nilimwona Millicent. Aliyekuwa akisema ni yuleyule. Muulize Ruth kama nafuata anayoniambia. Siku zote nabishana naye."

Hilo la kubishana nilithibitisha kwa moyo wote. Mzee hakucheka. Aliuliza maswali mengine, moja baada ya jingine, kwa muda wa karibu saa mbili: dhambi ni nini, Yesu alikufa kwa nini, amri ya nne inasema nini. Mengine Onyiego aliyajibu vizuri, mengine alisema hajui. Swali moja alilijibu kwa swali, na Nyamongo akafungua kurasa kulitafuta jibu na hakulipata. Mwisho akasema lazima ashauriane na mchungaji. Tukasubiri wiki sita. Onyiego alizihesabu kwa kupiga msumari mmoja ukutani kila Sabato, na fundi wake aliniambia katika kipindi kile aliharibu makochi mawili.

Alibatizwa mtoni, maji yakiwa ya udongo kwa sababu ya mvua. Nilisimama majini kando ya mchungaji ili yale maneno ya mwisho ayaone kabla hajazamishwa. Alipoinuka, Nyamongo aliyekuwa ukingoni akiwa na taulo alijaribu kumwonyesha jina la Yesu, vidole vyake vizito vikakosea viganja. Onyiego akamshika mkono akamwekea kidole mahali pake.

Watu wanaponisikia nikisimulia hudhani kwamba baada ya hapo alitulia. Hakutulia. Aliacha kazi ya wiki nzima, akafanya makubaliano na fundi kwamba atafanya siku nne tu. Siku zilizobaki yuko barabarani. Anawauliza wanaoendesha boda boda, kwa kuandika kwenye simu, maana Millicent alimfundisha na herufi, kama wanajua nyumba yenye mtu asiyesikia. Mara nyingi anajibiwa hakuna, kumbe yupo, amefichwa chumba cha nyuma. Amepata watu sita hadi sasa, kuanzia Ekerenyo hadi Ogembo. Nilipomwambia apumzike akanijibu, "Mtu akikupa habari ya watu wote, utakaa nayo?"

Wa sita anaitwa Bitutu, mama wa miaka arobaini na kitu, anakaa kwa kaka yake kwenye migomba iliyo ng'ambo ya Ogembo. Hana ishara hata moja zaidi ya kula na hapana. Onyiego amemwendea Jumapili kumi na moja. Jumapili iliyopita nilikwenda naye. Alimpa ishara ya ndizi, akampa ndizi, ishara, ndizi. Bitutu alikula zile ndizi, akatazama mbuzi, akaingia ndani.

Tulipokuwa tukishuka kuelekea barabarani nilimuuliza kama anadhani ataelewa.

"Sijui," akasema, na akaongeza mwendo hadi ikabidi nikimbie ili nione mikono yake. "Jumapili ijayo nitaleta maji."