Shuka la Farasi Mweupe

Jumatatu ya pili ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, baada ya sala ya alfajiri, mume wangu alikwenda Marikiti kununua karoti za farasi na hakurudi akitembea. Moyo ulimsimama pale pale kwenye magunia. Wachukuzi walimleta kwa mkokoteni, wamemfunika leso ya muuza mboga, na karoti zake wakazileta pia. Siku tatu zilikaa jikoni. Kisha nikamtupia farasi kwa mbali, moja moja, kwa kuwa nilikuwa namwogopa.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, na nyuma ina ua wenye banda la farasi. Miaka kumi na minane nilianika nguo hatua sita kutoka kwa mnyama yule na sikuwahi kumgusa. Ni mweupe, mrefu, na kazi yake ni kubeba mabwana harusi. Mume wangu hakufungua banda bila kumwamkia: "Subalkheri, bwana mkubwa."

"Wamwamkia farasi kabla ya mkeo," nikimtania.

"Wewe hupigi mateke," akinijibu.

Farasi mweupe akilala juu ya samadi huamka na madoa ya manjano, na hakuna bwana harusi atakaye kupanda madoa. Kwa hiyo huvishwa shuka la marekani, lafunika mgongo na mbavu, na kifuani hufungwa kwa bizimu mbili, kama za mkanda. Shuka lile nililishona mimi, kwa cherehani yangu ya mapazia. Farasi wetu ana mfupa uliotokeza sana pale shingo inapokutana na mgongo. Ukimtazama kwa ubavuni utadhani ni paa la nyumba. Shuka langu lilikuwa limenyooka tu. Uzito wake wote ulikaa juu ya mfupa ule, na kila akiinama kula, likisugua.

Katika Ramadhani mume wangu aliniambia nywele zimeanza kutoka. Nikashona mto mdogo wa usufi ndani ya shuka, pale pale juu, nikajiona hodari.

Akaligeuza mikononi mwake. "Huoni kwamba sasa litambana zaidi?"

Nilikuwa nimechoka na mapishi ya futari. Nikamwambia, "Basi kashone mwenyewe."

Akamvisha, wala hakusema tena. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho juu ya shuka lile, na nayaandika kama yalivyokuwa.

Nikakaa eda. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye huteremsha samaki Liwatoni, alipita kila asubuhi kumtilia farasi maji na majani. Akiwa uani, mimi nilikaa nyuma ya mlango wa jikoni, tukasemezana bila kuonana. Farasi hakuipenda harufu yake ya samaki, naye shemeji hakuthubutu kulivua shuka. Wiki ya tano ikafika bado liko mgongoni.

"Shemeji," akaniambia asubuhi moja, "mnyama huyu hashikiki mgongoni. Leo nusura aning'ate."

"Labda ana kidonda."

"Kidonda ama kiburi, mimi sijui. Kuna harusi kabla ya Maulidi, na eda yako itakuwa imekwisha. Siku hiyo tandiko lisipokaa mgongoni, namwuza. Kuna mtu Kisauni amtaka kwa mkokoteni wa maji."

Miaka yote nilikuwa nimeomba farasi yule aondoke. Sasa sikutaka aondoke. Atakwenda kuvuta maji juani, na kidonda juu ya mfupa, na kidonda chenyewe ni kazi ya mikono yangu.

Shemeji alipoondoka nilisimama mbele ya banda mpaka adhuhuri. Nzi walikuwa wakiingia chini ya shuka na kutoka. Mwisho nikafungua komeo nikaingia kimya, kama mwizi. Farasi akalaza masikio nyuma, akageuka, akanibana ukutani kwa ubavu wake. Hakunipiga teke, alinibana tu, na pumzi ikaniishia. Mkojo ukanitoka. Nikasema lililonijia mdomoni: "Subalkheri, bwana mkubwa." Jua lilikuwa utosini.

Akapuliza puani, akasogea hatua moja.

Nilizifungua zile bizimu mbili. Shuka lilikuwa limegandamana na nyama. Nikalilowesha kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kidogo kidogo, mpaka likaachia. Kidonda kilikuwa kama kiganja changu kwa upana, na pembeni yake ngozi ilikuwa imechapwa mistari. Nikaitambua mistari ile. Ilikuwa mishono ya ule mto wa usufi.

Tangu siku ile nilikiosha kila siku, nikamwacha mgongo wazi, na shemeji nikamwambia kutoka nyuma ya mlango kwamba shuka nimelivua mimi. Sitasema kwamba niliizoea kazi ile. Kila siku nilimwamkia kabla ya kushika komeo. Kidonda kikakauka, lakini madoa ya manjano yakamjaa, na nikajua hakuna bwana harusi atakayempanda hivyo. Shuka lilihitajika, na mimi niliogopa kushona.

Nikalifumua la zamani juu ya mkeka. Usufi ulikuwa umeshikana na nywele nyeupe, mgumu kama jiwe. Nikautoa wote. Nikampima farasi kwa uzi kama mtu anavyopimwa nguo, nikatia vikunjo viwili kila upande wa shingo ili kitambaa kiinuke juu ya mfupa kama hema, kisiuguse. Kifuani nikaongeza upana, kwa kuwa likimbana mbele lajivuta nyuma na kuukandamiza mfupa. Kwa ndani nilitaka kitu cha kuteleza. Nikafungua sanduku, nikatoa buibui la zamani la marehemu mama. Mama alikuwa akilishika kwa meno akitembea, maana halikukaa juu ya nywele hata siku moja. Nikalikata.

Jirani yangu, aliyekuja kukaa nami jioni, akanikuta nalo kwenye cherehani.

"Shoga, farasi wamvisha buibui? Naye yuko eda?"

"Yuko," nikasema, na nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Siku eda ilipokwisha nilioga, nikabadili nguo, na shemeji akaja na tandiko begani. Mara hii nilisimama uani, nimejitanda mtandio. Nikamvua farasi shuka. Shemeji akanitazama kama hajapata kuniona.

"Mwamkie kwanza," nikamwambia.

"Nani?"

"Farasi."

Akatazama huku na huku. "Subalkheri," akasema kwa sauti ndogo, akaweka mkono juu ya mfupa, akabonyeza. Nilifumba macho. Nilipofumbua, farasi alikuwa amegeuza kichwa kumtazama, angali anatafuna.

"Nywele hazijarudi zote," shemeji akasema. Palikuwa na alama nyeusi, kama ukucha wa kidole gumba.

"Hazijarudi."

"Na harusi ni Ijumaa ijayo."

Ningeweza kunyamaza. Nilijua nikisema kweli huenda nikampeleka farasi kwa yule mtu wa Kisauni kwa kinywa changu mwenyewe.

"Ngozi bado ni changa," nikasema. "Ukiweka tandiko Ijumaa, patachubuka tena. Yataka mwezi mwingine."

Mkono wake ulikuwa ungali mgongoni mwa farasi, na farasi hakuuondoa.

"Nitawaambia wenye harusi watafute gari," akasema. Akalitundika tandiko kwenye msumari wa kaka yake, akaenda zake Liwatoni.

Nikamvisha farasi shuka, nikafunga bizimu mbili. Nikapitisha kiganja kati ya buibui na mfupa, na kikapita.