Kompyuta Niliyosema Haitalala

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliajiriwa Msambweni, katika mradi wa kuwapima kichocho watoto wa shule. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kompyuta. Ilikuwa moja tu, ya mfumo wa Unix, na ofisi nzima ni mimi peke yangu niliyejua kuandika amri zake. Nilikuwa nimesomea mambo hayo Mombasa kwa wiki sita, nikarudi natembea kama mtu aliyevumbua stima. Wazazi wangu walitoka bara wakapata shamba kwenye ardhi ya makazi kule juu Kwale, na mimi nilikuwa wa kwanza kwetu kukaa mezani ofisini. Sikutaka kabisa kuonekana sijui kitu.

Kompyuta ile ilikuwa na tabia moja. Ikikaa dakika ishirini bila kibodi kuguswa, ililala yenyewe. Kioo kilizima, sauti ndani yake ikanyamaza, na kama ilikuwa imeungana na Nairobi kwa simu, simu ikakatika.

Jumatano daktari aliyesimamia mradi aliniita.

"Ijumaa maabara ya Nairobi watatutumia majibu ya watoto," akasema. "Wamesema kupokea kutachukua saa tano. Jumatatu wauguzi wanapeleka dawa shuleni. Mashine isilale."

"Nimeshaizuia, daktari."

Sikuwa nimeizuia. Nilikuwa nimejaribu kila amri niliyoikumbuka, na ililala vilevile. Kitabu cha maelezo kilikuwa rafuni, hatua mbili kutoka kitini kwangu, lakini niliona haya kukifungua mbele za watu.

Ijumaa yenyewe nilikuwa nimealikwa hoteli moja Diani, wanione kama nafaa kazi kwao. Asubuhi nikapiga simu Nairobi, majibu yakaanza kuingia. Halafu nikamwendea mama aliyekuwa akifagia ofisi. Alikuwa Mdigo wa palepale Msambweni, mtu mzima, mpole, na kila siku nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakuomba kitu. Kila ukipita hapa, bonyeza hiki." Nikamwonyesha kitufe kirefu cha chini. "Kila robo saa. Usimwambie mtu."

Akakiangalia kile kitufe. "Na nikienda kuswali?"

"Swala si ndefu, mama," nikasema, mguu mmoja ukiwa tayari nje.

Alifanya kama nilivyomwomba tangu saa tatu asubuhi. Adhuhuri ilipofika akaenda kutia udhu, na kisimani palikuwa na foleni. Aliporudi baada ya kuswali, kioo kilikuwa cheusi.

Mimi nilirejea saa tisa, shati la kuazima limelowa jasho. Nikamkuta daktari amesimama mbele ya kompyuta, na yule mama ameshika ufagio wake mlangoni.

"Simu imekatika katikati," daktari akasema. "Hakuna kilichosalimika, na maabara hawatatuma tena mpaka wiki ijayo. Uliniambia umeizuia."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Badala yake nikamtazama yule mama, nikasema, "Huenda kuna mtu ameigusa, daktari. Mama huwa anapangusa hapa."

"Mama, umeigusa?"

"Nimeigusa," akajibu. Nilikuwa nimemwambia asimwambie mtu, naye akalishika neno langu mbele ya macho yangu.

Daktari akamkataza kuingia chumba kile. Jumatatu gari la wauguzi halikutoka. Maboksi ya dawa yalibaki yamepangwa kwenye korido, na kila nilipopita niliwaza watoto wanaokojoa damu wakingoja kwa sababu yangu.

Jumatano iliyofuata, wenzangu walipokwenda kula, nilikifungua kile kitabu. Jawabu halikuwa katika amri za Unix hata kidogo. Lilikuwa katika mipangilio inayofunguliwa mashine inapowashwa tu, kabla mfumo haujaanza. Palikuwa na mstari mmoja wa kuokoa umeme. Nikauzima. Kazi yote haikufika dakika kumi. Nikakaa nikiitazama kompyuta iko macho, saa nzima bila kuguswa, na uso ukaniwaka.

Nilipokwenda kwa daktari kumweleza, hakunigombeza. Alivua miwani, akauliza, "Huyo mama umemwambia?"

"Bado."

"Basi si mimi uliyepaswa kuanza naye."

Nilimkuta nyumbani kwake akikuna nazi. Nikamwamkia, akaitikia vilevile kama siku zote, akanisogezea kigoda. Nikasema yote, na nikasema samahani mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Nilijua huijui ile mashine," akasema. "Mtu anayejua haombi mfagiaji ambonyezee."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Niseme nini? Ulikuwa umeshasema wewe." Akaendelea kukuna. "Nimekusamehe. Lakini wanangu walisikia kwamba mama yao ameharibu mali ya watu. Hao atawaambia nani?"

Walikuwa ndani, wawili wa kike, wakubwa kunishinda. Akawaita. Nikasimama pale uani nikarudia maneno yaleyale mbele yao, mikono sijui niiweke wapi. Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka akaingia ndani.