Watoto Hawahesabiwi

Mwaka wa pili katika chuo cha afya, Mpanda, nilifeli mtihani mmoja tu, nao ulikuwa mtihani wa kuuliza maswali. Unapewa mgonjwa wodini, unachukua historia yake, mwalimu amesimama pembeni. Mimi nilipewa mama wa familia ya wafugaji aliyekuja na maumivu ya tumbo. Nikamwuliza umri. Nikamwuliza ana watoto wangapi, na wangapi wako hai. Akageukia ukutani. Nikarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, akavuta shuka hadi kichwani.

"Umemhoji kama polisi," mwalimu aliniambia tulipotoka nje.

Nilipewa wiki tatu kabla ya kurudia. Nikishindwa, nabaki mwaka wa pili na wenzangu wanaendelea. Sidhani kama wangeona pengo. Bwenini walipenda kusema mama yangu alinizaa nikiuliza nani kazima taa, na kila nilipoketi nao mezani mazungumzo yalihamia kwenye mpira. Nilizoea kula huku nikisoma.

"Jumamosi nenda kikundi cha utamaduni," mwalimu aliniamuru. Kikundi hicho kilizunguka vijijini kikicheza ngoma na kuigiza mambo ya afya. Tangazo lao ubaoni lilisema shughuli za utamaduni humsaidia mwanachuo kuelewa masomo. Chini yake nilikuwa nimeandika kwa kalamu: Nani kapima? Nadhani mwalimu aliujua mwandiko wangu.

Kwa kuwa sijui kucheza, walinipa kazi ya kuandika igizo. Nikanakili maswali ya daktari kutoka kitabuni, kama yalivyo. Siku ya safari, msichana aliyekuwa aigize mgonjwa akaamka na malaria. Nikafungwa khanga zake, nikawekewa mto tumboni.

Tulifika Majimoto siku ya mnada. Watu waliotoka kuuza mpunga na ng'ombe wakatuzunguka. Ngoma zikapigwa, nikalala mkekani nikajishika tumbo. Daktari wetu, kijana mwenye koti jeupe lililombana, akaanza.

"Mama, una watoto wangapi?"

"We daktari!" bibi mmoja wa mstari wa mbele alipaza sauti. "Kwani hao ni mbuzi wa mnadani?"

Watu wakaangua kicheko.

"Wangapi wako hai?" kijana akaendelea, maana ndivyo nilivyoandika.

"Ala! Anawaombea kifo!"

Bibi akavua kandambili, akaja kukaa mkekani, akamsukuma daktari kwa kiwiko. "Sogea, mjukuu. Watoto hawahesabiwi, ni mkosi. Wanatajwa." Akanishika mkono. "Mayu," akaniita, kama Wasukuma wanavyomwita mama, na watu wakacheka tena kwa sababu ya ndevu zangu. "Wa kwanza anaitwa nani?"

Majina sikuwa nimeyaandika. Nikataja lililonijia, la kaka yangu.

"Anayemfuata?"

Nikataja langu.

"Anayemfuata?"

Nikataja la mdogo wangu wa kike. Alifariki nikiwa darasa la tano, kwetu Mwese, tukisubiri pikipiki ya kumteremsha hospitali. Nyumbani sijasikia mtu akilitaja jina lile tangu mazishi. Chuoni hakuna aliyejua kwamba nimewahi kuwa na mdogo.

Nikajifuta uso kwa ncha ya khanga. Bibi hakuuliza kama yuko hai. Alinitazama tu, mkono wangu ukiwa bado mkononi mwake.

"Na anayemfuata?"

"Huyo ndiye wa mwisho."

"Haya. Sasa niambie, tumbo limeanzia wapi?"

Kwenye basi wenzangu waliimba hadi Mpanda. Mmoja akanipiga begani. "Aisee, kumbe unajua kuigiza! Ulikaribia kulia kabisa!" Nikamwambia asante, nikageukia dirishani.

Siku ya kurudia mtihani nilipewa mama mwingine. Nikamsalimia, nikamwuliza ametoka wapi, kama mvua huko imenyesha, kisha mtoto wake mkubwa anaitwa nani. Akataja majina sita, nami nikihesabu kwa vidole chini ya karatasi. Kwenye la nne alishusha sauti, nikangoja. Nikaandika: sita, watano hai. Mwalimu akalinganisha na faili, akasema nimepita.

Sasa nina stashahada, na bado siliamini tangazo lile la ubaoni. Mgonjwa mmoja si ushahidi. Pengine ningepita hata kwa kusoma zaidi, na pengine bibi yule alikuwa tu amechoshwa na ujinga wetu. Ninachojua ni kwamba kitabuni swali liko vilevile. Nimeangalia.

Jioni ya kupita mtihani nilimpigia mama simu, mtandao wa Mwese ukikatika-katika. Alifurahi, akaniuliza kama nimekula. Jina la mdogo wangu lilikuwa mdomoni. Nikasema bado sijala, ndiyo nakwenda.