Majani ya Mwisho ya Kiwanja cha Nyuma

Mama alinipigia simu nikiwa kazini Kurasini, kwenye yadi ya makontena, na siku hiyo hakuanza na salamu ndefu kama kawaida yake. Alisema mwenye kiwanja cha nyuma amempigia. Anaanza kujenga wiki ijayo, na matofali yameshashushwa.

"Majani yote yale, mwanangu," alisema. "Mafundi wakifika watayafyeka wayachome moto."

Sikuhitaji maelezo zaidi. Nyumba ya mama iko Chanika, mahali ambapo kila mwaka shamba moja linageuka ukuta. Mwenye kile kiwanja anaishi Kinondoni, na kwa miaka mingi alituachia tupande mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe yenye mashina kama miwa myembamba. Yeye alipata mtu wa kumlindia eneo lisivamiwe, sisi tukapata malisho. Hakuna aliyeandikishana na mwenzake. Siku zote tulijua atakuja kujenga, ila tulijua kwa namna mtu anavyojua kwamba ipo siku atazeeka.

Kiangazi cha mwaka uliotangulia kilikuwa kibaya. Majani yalikauka mapema, tukawa tunayafuata mabondeni kwa bodaboda, na huko nako watu wakaanza kugombana. Ng'ombe wetu mmoja alikonda hadi akaangukia bandani. Tukamwinua kwa kamba, akauzwa kwa mchinjaji kabla hajatufia mikononi. Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akamtazama akipakiwa kwenye gari. Gari lilipoondoka alisema, "Nikiziona mbavu tena, nauza wote. Banda nageuza vyumba vya kupangisha." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo maana dada yangu, anayeishi naye, alinipigia usiku ule kunieleza.

Walibaki wawili: mweusi, anayekamuliwa, na binti yake mwekundu, ambaye sasa alikuwa na mimba. Ili wavuke kiangazi hiki, majani ya kiwanja cha nyuma yalipaswa kukatwa yote na kuvundikwa. Kazi yenyewe si ngumu kuielezea. Majani yanakatwa, yananyauka kidogo, yanapita kwenye mashine ya kuyakatakata, yanamwagwa shimoni lililotandikwa nailoni, yananyunyiziwa molasi iliyochanganywa na maji, kisha yanashindiliwa kwa miguu tabaka kwa tabaka mpaka hewa yote itoke. Halafu yanafunikwa na kufukiwa. Yakibaki na hewa yanaoza. Na shimo ukishalianza, unalimaliza siku hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba tulikuwa tumechelewa. Masika yalikuwa yanaishia, lakini mvua za mwisho zilikuwa bado zinakuja bila kubisha hodi, na majani yalikuwa yamekomaa kupita kiasi. Shina lililokomaa ni kama kijiti. Linakataa kulala, unalikanyaga linainuka tena. Yanataka molasi zaidi na miguu mingi zaidi.

Nikaomba ruhusa kazini. Siku moja kabla, mimi na dada na vibarua wawili wa siku moja tulikata kiwanja kizima. Tuliyatandaza majani uani, na kwa kuwa wingu lilikuwa zito upande wa Kisarawe, mama akaleta turubai kubwa la bluu tukayafunika. Lilikuwa turubai la kikundi cha misiba cha mtaa. Mama ndiye mtunzaji wake. Hukaa stoo kwake mpaka pawe na msiba au shughuli. Dada alimtazama. Mama akasema, "La siku mbili tu. Watu wote ni wazima."

Asubuhi yake mwenye mashine alifika na mashine yake imefungwa juu ya guta la magurudumu matatu. Ni Msukuma aliyekaa Chanika miaka mingi, na mama ni Mzaramo, kwa hiyo ni watani, na salamu zao hazijawahi kuwa za kistaarabu.

"Shikamoo nimeiacha nyumbani," alisema akishuka. "Sie tunawaamkia watu wenye ng'ombe. Mzaramo na ng'ombe wapi na wapi? Nyie si watu wa nazi?"

"Nimekuita ukate majani, mla viazi," mama akamjibu. "Wa kwenu mmewaachia fisi, mnakuja kuwaangalia wa kwetu."

Akaiwasha mashine. Ilikuwa na sauti ya kukera na ilitoa moshi, lakini ilikata vizuri. Mimi nilikuwa shimoni nashindilia, dada ananyunyiza molasi, mama anabeba. Mwenye mashine alikuwa ameshatuambia kwamba kesho ana kazi ya mtu mwingine, mbali, na hawezi kurudi wiki hiyo. Kila nilipoinua kichwa niliona vitu viwili: rundo lililobaki, na lile wingu.

Tulikuwa tumejaza chini ya nusu ya shimo tulipokisikia kipaza sauti cha msikiti nje ya wakati wa adhana. Mwenye mashine akaizima. Tulisimama kila mtu alipokuwa, tukasikia tangazo lote. Alikuwa amefariki bibi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Maziko baada ya alasiri.

Mama aliweka tenga chini. Yule bibi alikuwa mteja wake wa maziwa tangu ng'ombe wa kwanza. Alikuwa akija mwenyewe na kikombe chake cha bati, anakunywa amekaa kizingitini, na hapo anamtukana mwenye mashine akimkuta. Mama alifuta macho kwa ncha ya khanga, akanawa mikono na miguu, akamwambia dada avae. Alipokuwa anatoka alisimama kwenye shimo akanitazama. Nadhani alitaka kusema kitu kuhusu majani, akaona haya.

Muda si mrefu wakaja vijana wawili wa mtaa. Waliniamkia, wakapeana macho.

"Braza, tumefuata turubai."

Nilijua watakuja. Niliangalia juu, wakaangalia juu pamoja nami.

"Lina majani," nikasema.

"Tunaona," mmoja akajibu kwa upole. "Tutalikung'uta."

Turubai la msiba ni la msiba. Tuliliondoa pamoja, wakalikunja, wakaondoka nalo likiwa na vipande vya majani mabichi vimeng'ang'ania. Baadaye niliviona juu ya vichwa vya waombolezaji.

Tukabaki wawili, mimi na mwenye mashine, na rundo lililo wazi. Alikata kwa kasi, mimi nikajaza na kukanyaga. Lakini mtu mmoja hawezi kushindilia shimo la ukubwa ule. Nilikanyaga upande huu, ule mwingine ukainuka. Niliingiza mkono katikati ya majani nikasikia joto, joto la kitu kinachoanza kuharibika. Manyunyu yakaanza, yakakatika. Nilifikiria kutokwenda mazikoni. Mawazo hayo hayakudumu. Mtu wa mtaa ule asiyeenda kumzika jirani wa nyumba ya tatu hana mtaa tena, na mama ndiye angeishi na maneno hayo. Alasiri ilipokaribia nikafunika majani kwa nailoni ya kufunikia shimo, nikaweka matofali juu, nikavaa kanzu. Mwenye mashine alinawa uso, akanifuata na fulana yake iliyojaa madoa ya kijani.

"Yule bibi ni mtani wangu," alisema. "Nisipokwenda atanicheka."

Tulizika. Udongo ulikuwa umelowa na mzito, na watu walipokezana machepeo haraka kwa sababu ya lile wingu. Dua ikasomwa. Watu walipoanza kugeuka waondoke ndipo nilipomwona mwenye mashine. Alikuwa ameyakusanya machepeo na majembe yote ya msikiti, ameyaweka chini njiani, na amekaa juu yake.

Watu wa makamo wakacheka kimyakimya. Walijua. Mtani akishika vifaa vya maziko, havitoki mpaka mjikomboe. Mtoto mkubwa wa marehemu, mwanaume mzima mwenye mvi, macho yake yamevimba, aliingiza mkono mfukoni.

"Haya, Msukuma. Sema bei yako."

"Rudisha hela yako," alisema mwenye mashine. "Huyu mama yenu aliniambiaga Msukuma anajua kula tu. Leo mie ndo nimefanya kazi, nyie Wazaramo mmekaa mnalia."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka miguu."

Hakuna aliyeelewa. Akanielekeza kidole, na nilitamani ardhi ile iliyotoka kufunikwa inimeze na mimi. "Ng'ombe aliyemnywesha maziwa mama yenu mpaka juzi, chakula chake kiko nje kinanyeshewa. Mama mwenye ng'ombe yuko kwenu, anawapikia. Turubai lake mmechukua. Mie hapa siondoki, na majembe haya hayaondoki, mpaka niambiwe nani anakuja kukanyaga majani."

Nilimwangalia imamu, alikuwa ameshatangulia, anatembea bila kugeuka, na mpaka leo sijui kama alisikia. Mtoto wa marehemu alitazama chini. Nilifikiri amekasirika. Kisha mabega yake yakatikisika, na nikaona kwamba anacheka na kulia kwa pamoja.

"Angekuwepo angekupiga na kikombe," alimwambia mwenye mashine. Halafu akawageukia wengine. "Nendeni. Mie nitakaa na wageni. Nendeni mkamkomboe."

Wakaja. Walivua viatu pembeni ya shimo wakavipanga kama mlangoni pa msikiti, wakapandisha kanzu na suruali magotini, wakashuka. Mwenye mashine akawasha mashine yake na kuanza kuwatukana kwa sauti ya juu kuliko injini.

"Kanyaga kisigino, si kidole. Hapo mnacheza ngoma. Nyie si ndo wenyewe kwa ngoma, haya, chezeni."

"Leta majani, acha maneno," mmoja akamjibu. "Sie tumeshajikomboa, wewe unatudai nini tena?"

Walizunguka wakiwa wameshikana mabega wasiteleze, watu waliotoka kaburini muda mfupi uliopita, na shimo likawa linashuka chini yao. Mimi nilinyunyiza molasi. Manyunyu yakarudi, na safari hii hayakukatika. Sikujua maji yale yanafanya nini kwenye majani, na sikuwa na wa kumuuliza. Mwenye mashine mwenyewe alisema tu tuwahi.

Tulikuwa tunavuta nailoni kufunika nilipomwona mama. Alikuwa anakuja mbio, khanga imemvuka kichwani, dada nyuma yake. Kutoka mbali alikuwa ameona kundi la wanaume wamejazana nyumbani kwake, viatu vimepangwa, watu wanashika machepeo. Alifika mbele yangu akanishika mikono yote miwili.

"Nani?" aliuliza. "Nani tena?"

"Hakuna mtu, mama. Wanashindilia."

Alitazama shimo, akatazama kanzu zilizochafuka. Kisha akakaa palepale kwenye udongo uliolowa. Mwenye mashine alimpita amebeba chepeo na kusema, "Usiogope, mtani. Tulikuwa tunakufundisha kufuga ng'ombe."

Tulifukia. Turubai lilikaa msibani mpaka matanga yakaisha, na siku zote hizo mvua ililala juu ya shimo letu.

Kilichofuata kilikuwa kungoja, na mama si mtu wa kungoja. Kila nilipompigia aliniambia habari za shimo kabla ya habari zake. Udongo umetitia upande mmoja. Pametokea ufa, ameuziba. Kuku wanachakura pale, amewafukuza. Amenusa, kuna harufu. Hapana, ilikuwa ya banda. Alitaka kufunua kidogo achungulie, dada akamkatalia, kwa kuwa kuchungulia ndiko kunakoingiza hewa. Nyuma ya banda, ukuta wa mwenye kiwanja ulipanda hadi kwenye lenta, juu ya madirisha. Mvua zilikoma. Njia zikaanza kutoa vumbi, na majani ya pembeni ya barabara yakawa na rangi ya barabara.

Nilikuwepo siku ya kufungua, Jumapili. Mwenye mashine alipita naye, akijifanya ana safari nyingine. Mama alifukua upande mmoja tu, akakunja nailoni. Tabaka la juu lilikuwa jeusi, linateleza, lina ukungu mweupe. Harufu yake ilitufanya tugeuze nyuso. Mama aliliondoa kwa mikono, akalitupa, akaondoa tena, na nikaona kwamba haangalii tena majani, anaangalia banda.

Kisha mkono wake ukatoka na kitu kingine. Kilikuwa cha kijani kilichogeuka hudhurungi, kimeshikana, na hakikunata. Alinusa, akanipa nami nikanusa. Kilikuwa na uchachu wa tembo la mnazi la asubuhi.

"Kwa hiyo ng'ombe wa Mzaramo naye ni mlevi," alisema mwenye mashine.

Tuliwapelekea kidogo kwenye karai. Mweusi alinusa, akapumua kwa nguvu, akageuza kichwa. Mweusi akarudi, akalamba ukingo wa karai. Yule mwekundu hakusubiri mama yake aamue. Aliingiza mdomo wote, na tukasikia anatafuna.

Mama hakumtazama akila. Aliingia bandani, akapitisha kiganja ubavuni mwa mwekundu, taratibu, kutoka begani mpaka kwenye tumbo lenye mimba, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Mbavu zipo," alisema. "Ila za kutafuta."

Halafu akaniambia nikafunike shimo haraka, hewa inaingia, na nikanyage vizuri ukingoni.